Mfuko wa Kuzuia Mionzi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepigwa na butwaa. Asubuhi nafungua duka, nainua macho, naona mlingoti! Juu ya paa la Antena, ng'ambo ya barabara. Mrefu, mwekundu, una masahani mawili pembeni. Eti anagawa intaneti mtaa mzima.

Antena ni fundi simu. Jina la utani alipewa kwa urefu wake, na sasa ameamua kulihalalisha. Kufika saa nne foleni yake ilikuwa imevuka barabara hadi kwenye ngazi zangu. Watu wamejibanza kwenye kivuli changu, wanamsubiri yeye! Nimewauliza kama kuna anayehitaji bulbu. Mmoja akaniuliza nywila.

Mimi nauza taa. Bulbu, tyubu, holda, swichi, nyaya. Mwaka wa kumi na tisa huu. Nina ubao ukutani wenye holda sita, na kila bulbu naijaribu pale mbele ya mteja. Haitoki dukani kwangu bulbu ambayo mwenyewe hajaiona ikiwaka. Hiyo ndiyo heshima yangu mjini. Leo nimejaribu bulbu nne, na mbili kati ya hizo nilizijaribu kwa upweke tu.

Baya zaidi, huyu Antena ni mkwe mwenzangu! Mwanawe, dereva wa malori, ndiye aliyemwoa binti yangu wa pekee. Alianza na binti, sasa wateja. Binti yuko kwetu tangu wiki iliyopita, mimba ya kwanza, siku zake ni mwisho wa mwezi, na mumewe yuko safarini na lori. Chumba chake nimekifungia taa mpya yenye mwanga mwororo. Nimepanda ngazi mara nne kuirekebisha. Nataka mjukuu akifumbua macho aone taa ya babu yake. Babu huyu, si yule mrefu.

Jioni upepo umeleta boksi tupu la simu kutoka kwa Antena. Nyuma, kwa maandishi ya kuumiza macho: kifaa hiki hutoa mionzi ya sumakuumeme. Mionzi! Ya sumakuumeme! Sikuelewa hata neno moja, na mwili ukanisisimka. Sasa kama mimi, mtu wa umeme, nimesisimka, mtaa utakuwaje?

Nimepata. Leo nalala na furaha.


Jumanne, 4 Juni

Bango limetoka. Nimeliandika kwa mkono wangu, kalamu nyekundu: JIHADHARINI! MIONZI YA SUMAKUUMEME! HUPENYA MWILI. HUDHURU MAMA NA MTOTO. NI HATARI HASA KWA VICHANGA. Hilo la vichanga nimeliongeza kwa kuwa nafasi ilibaki.

Nimenakili vikaratasi hamsini nikavigawa kwenye foleni. Watu wamekodoa macho. Mwanamke mmoja alificha simu nyuma ya mgongo, kisha akakumbuka mgongo nao ni mwili, akaiweka chini.

Ukiwatia watu hofu, uwe na dawa mkononi. Dawa yangu inaitwa Kinga. Ni mfuko wa kitambaa, ndani una matabaka matatu ya foili, ile karatasi ya fedha ya jikoni, na mdomo wake unakunjwa na kufungwa kwa kamba. Simu inakaa humo. Mke wangu ni fundi cherehani. Akaniuliza mfuko huu unafanya nini hasa. Nikamwambia unazuia. Akauliza unazuia nini. Nikamwambia ashone. Ameshona mifuko sitini kwa pazia letu la zamani la sebuleni, na mdomo ameuvuta toka mfuko wa kwanza mpaka wa sitini.

Saa tisa, mshtuko. Nimetia simu yangu ndani ya Kinga, nikaifunga, nikamwambia mke wangu anipigie. Kimya. Akapiga tena. Kimya! Simu yake inasema mimi sipatikani, na mimi nimesimama mbele yake! Nikafungua, ikalia.

Masalale! Inafanya kazi! Siku nzima nimekuwa nikiwadanganya watu, kumbe nawaambia kweli! Nimekaa kwenye kiti nikajipepea kwa bango. Sijui kama nifurahi au nitubu.

Nimefurahi.


Jumatano, 5 Juni

Kinga inakwenda mbio. Mama mkwe, yaani mama yake mke wangu, tunayeishi naye, ndiye mpiga debe wangu. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa duka, Kinga yake kifuani, kikaratasi changu mkobani, na kila apitaye anamwambia mkwe wake ameona mbali. Yule mama akiamini kitu, kimeaminiwa.

Nyumbani nimetoa amri. Kila simu ndani ya Kinga, muda wote, mwenye mradi lazima awe mfano. Binti akauliza akipatwa na shida je. Nikamwambia aitoe tu yake anipigie, baba yako yupo. Nilisema kwa sauti nzito ya kibaba. Nilijisikia vizuri sana.

Mchana Antena amevuka barabara. Amevua kofia. Akasema, mkwe, watu wananikimbia, kuna nini? Nikamwambia mtu mzima afikirie mjukuu kabla ya biashara. Amevaa kofia yake. Amerudi kwake taratibu, na baada ya muda nikaona taa za mtambo wake zimezimika! Amezima mwenyewe, kwa ajili ya mtoto. Ushindi mtupu. Ila sikuweza kumaliza chai yangu, sijui kwa nini. Labda ilikuwa imepoa.

Saa kumi akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Akasoma bango. Akatazama ubao wangu, holda sita, bulbu sita zinawaka. Akasoma bango tena. Kisha akacheka mpaka akashika kaunta.

Nikamwuliza kinachochekesha. Akanijibu kwamba mwanga ni mionzi ya sumakuumeme.

Nikamwambia narudia, mionzi iko kwa Antena. Akasema, shemeji, ni ukoo mmoja. Mawimbi ya redio, ya simu, joto la mkaa, mwanga wa taa, hata ile mionzi ya kupiga picha za mifupa hospitalini, vyote ni mionzi ya sumakuumeme, vinatofautiana tu kwa kasi ya mtikisiko wa mawimbi. Jicho la binadamu limejaliwa kuona ukanda mwembamba katikati, na huo ukanda ndio tunaouita mwanga. Mengine yanatupita hatuyaoni.

Nikajikaza. Nikasema basi mionzi yangu ni kidogo tu.

Ndipo akanimaliza. Akasema mionzi hiyo haimiminiki kama maji. Inakuja punje punje, na kila punje inaitwa fotoni. Wimbi likitikisika haraka zaidi, punje yake inakuwa na nguvu zaidi. Fotoni moja ya bulbu yangu ina nguvu kuliko fotoni moja ya simu ya Antena mara laki kadhaa!

Laki kadhaa!

Nimekaa juu ya katoni ili nisianguke. Ilikuwa katoni ya bulbu, na zimevunjika tisa. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwamiminia watu mionzi mchana kweupe, kwa tabasamu, na kuwarudishia chenji!

Shemeji akasema nisiogope, mwanga wa taa haumdhuru mtu, wala mionzi ya simu, punje zake ni dhaifu mno kuharibu kitu mwilini. Akasema niwaambie watu kweli na nishushe bango. Nikamwahidi nitalishusha.

Nimelishusha kidogo. Sasa liko usawa wa kifua.


Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka na akili mpya. Kama mwanga ni mionzi, basi lazima mteja ahakikishiwe. Nimeandika bango la pili: BULBU ZETU HAZINA MIONZI KABISA.

Mteja wa kwanza, saa nane mchana, seremala wa kona ya chini, kikombe cha chai mkononi. Akaomba bulbu, akaomba ijaribiwe. Nikaichomeka. Ikawaka vizuri. Akasema basi ina mionzi. Nikashtuka. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema mwalimu wa fizikia wa mwanawe, leo asubuhi darasani, alitoa mfano wa duka moja la taa.

Shemeji huyu!

Sikushindwa. Nikachukua Kinga, nikaivisha ile bulbu ikiwa kwenye holda, nikaikaza kamba. Giza. Nikamwambia ona, mionzi iko wapi? Seremala akatazama mfuko. Akaniuliza, kwa upole kabisa, sasa hiyo nikiifunga sebuleni nitaona nini?

Nikakohoa. Kikohozi kikanisaidia, maana Kinga ilikuwa imeanza kutoa moshi. Bulbu ilikuwa ya aina ile ya zamani, ya joto. Pazia letu la sebuleni likashika moto kwenye ubao wa heshima yangu! Mama mkwe akapiga yowe kwamba mionzi inatoka. Seremala akaumwagia ubao chai yake yote.

Holda tatu zimekufa. Seremala amenunua bulbu kwingine. Mama mkwe anawaambia watu ameiona mionzi kwa macho yake, ni ya kijivu na inanuka.


Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi usiku, sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Leo mke wangu alikwenda kupeleka magauni kwa mteja, ng'ambo ya mji. Mama mkwe alikuwa nami dukani. Binti alibaki nyumbani peke yake. Saa tano kasorobo seremala anaingia mbio, haulizi bulbu. Ananiuliza nafanya nini hapa wakati mwanangu yuko leba.

Nikamwambia haiwezekani. Siku zake bado wiki tatu! Na angenipigia.

Nikatoa simu kwenye Kinga. Ikaanza kulia mikononi mwangu, tuti, tuti, tuti, ujumbe juu ya ujumbe. Alinipigia mara kumi na nne! Alimpigia na mama yake mara tisa. Bibi yake mara sita. Alikuwa amekaa sakafuni chumbani, chini ya ile taa yangu, anapiga, anaambiwa hatupatikani. Sote watatu tulikuwa kwenye mfuko.

Nimeandika hapo juu kwamba inafanya kazi. Inafanya kazi, Mungu wangu. Inafanya kazi sana.

Aliyepokea ni Antena. Simu yake ilikuwa mezani, haina mfuko wala pazia. Aliacha duka wazi, akamwambia seremala aniite, akakodi teksi, akambeba binti yangu mikononi mpaka kwenye gari. Nilipofika hospitali, mimi viatu vimekwenda upande, yeye amekaa kwenye benchi la korido na kitu kimefungwa kwenye shuka jeupe.

Mjukuu! Wa kike. Amewahi lakini mzima, ana vidole vyote. Binti mzima.

Antena akasimama, akanipa. Akasema, mpokee mkwe. Na mimi, badala ya kushukuru, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba amemshika kabla yangu. Nakiri hapa kwa sababu hapasomwi na mtu. Amemshika kabla yangu! Dakika arobaini nzima!


Jumapili, 9 Juni

Mtoto ni mzuri kupita kiasi. Bado wako wodini kwa sababu aliwahi. Leo nimemwona ana rangi ya dhahabu. Nikamwambia mke wangu tazama anavyong'aa, damu ya mwuza taa hiyo. Mke wangu hakucheka. Alimsogeza mtoto dirishani, akamfunua jicho kwa kidole, akatazama muda mrefu. Kisha akamwita muuguzi.

Kinga yake ameitupa kwenye pipa la taka la wodi. Aliniangalia alipokuwa akiitupa.


Jumatatu, 10 Juni

Sijapata kuona siku kama hii. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Muuguzi, mama mnene asiye na mchezo, ametuambia ni manjano. Watoto wengi hupata, hasa waliowahi, lakini ya huyu imepanda na inazidi. Lazima awekwe chini ya taa ya bluu, leo hii, sasa hivi. Nikafurahi! Taa! Nilidhani nitaulizwa ushauri.

Mama mkwe akauliza hiyo taa inatoa nini. Muuguzi, bila kujua, akajibu inatoa mionzi, mionzi ya mwanga.

Weee! Yule mama alisimama mbele ya mashine, mikono ameitanua. Akasema kitukuu chake hakiingii kwenye mionzi, labda yeye awe maiti. Akafungua mkoba. Akatoa kikaratasi. Akakisoma kwa sauti, wodi nzima ikanyamaza: ni hatari hasa kwa vichanga.

Wino mwekundu. Mwandiko wangu. Ile herufi H yangu yenye mkia, hakuna mwingine mjini anayeiandika hivyo.

Binti alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Akamkumbatia zaidi. Akasema basi msimweke kwanza. Muuguzi akasema manjano ikiachwa ikapanda sana hufika kwenye ubongo, na ikifika huko hakuna wa kuirudisha. Akauliza nani ameandika takataka hii.

Nilitazama dari. Tyubu nne, moja inapepesa, starta yake mbovu. Nikasema kwamba siku hizi watu wanaandika mambo mengi.

Ndiyo, nimesema hivyo! Mjukuu wangu ana manjano na mimi nimesema hivyo!

Antena alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Yeye anajua. Vikaratasi vile niliviganwa kwenye foleni yake mwenyewe. Nikangoja aseme. Alitazama viatu vyake tu. Angesema, ningebisha, nina maneno ya kutosha kubishana na Antena mwaka mzima. Kunyamaza kwake sikuwa na la kukujibu.

Kisha binti akaniita. Akasema, baba, wewe ni mtu wa taa. Ni kweli au si kweli?

Nimesema. Nimesema mimi ndiye niliyeandika. Nilitaka wateja wa Antena. Sikujua maana ya neno hata moja. Si kweli, mwanangu, mweke mtoto kwenye taa.

Hapo ndipo nilipopigwa na mshtuko mkubwa kuliko yote. Mama mkwe hakuniamini! Akasema wamenitisha hawa wa hospitali. Akasema mkwe wake ni mkweli, mionzi yenyewe ameiona ikitoka kwenye pazia. Uongo wangu aliumeza kwa siku moja, na ukweli wangu anautema mbele ya watu! Nikaapa. Akaniambia pole baba. Nikamsihi. Akanipapasa bega.

Binti akampigia mama yake mdogo, shemeji, simu ikawekwa sauti kubwa. Shemeji alieleza polepole. Rangi ya manjano imejaa chini ya ngozi na mwili wa mtoto haujaweza kuitoa. Fotoni ya bluu ina nguvu inayotosha, ikiigonga ile rangi inaigeuza umbo, halafu inatoka na mkojo na choo. Fotoni ya simu inaweza kuigonga mwaka mzima na isiitikise, na fotoni kali zile za picha za mifupa si za kumwagia mtoto. Wamechagua hii kwa sababu ni ya kadiri. Ngozi inaangaziwa, macho yanafunikwa, basi.

Binti akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Mama mkwe akasema hayo ni maneno tu. Akasema amekaa dukani kwangu siku tatu, hakuna bulbu inayotoka pale haijajaribiwa. Hii nayo ijaribiwe!

Muuguzi akasema hapa si dukani. Kisha akatazama saa, akatazama mtoto, akawasha taa. Nikatia mkono. Mama mkwe akasema mkono wa mwuza taa umezoea. Basi nikavua kofia nikatia kichwa. Kichwa kizima, upara wote, nimeinama kwenye kitanda cha kichanga kama mtu anayetafuta shilingi uvunguni, wodi nzima inatazama. Nilifumba macho. Nilidhani patakuwa moto. Hapakuwa moto! Vuguvugu tu, kama jua la asubuhi. Nilikuwa na upara wa bluu, na nilikuwa nalia, na sijui nilianza lini.

Mama mkwe akagusa upara wangu. Akanusa kidole. Akasema haunuki.

Binti hakungoja zaidi. Akasema mwekeni. Alimfunga mtoto kitambaa cha macho kwa mkono wake mwenyewe, akamlaza. Kitu kidogo kiasi kile, na nepi tu, kwenye mwanga wa bluu. Kisha binti akanitazama. Hakunigombeza. Miaka ishirini na sita hajapata kunitazama vile, na sitaki anitazame vile tena maishani.


Jumatano, 12 Juni

Imeshuka! Muuguzi amepima damu jana na leo, inashuka. Macho ya mtoto yanarudi meupe. Ananyonya kwa fujo. Nepi zinajaa na kila nepi inashangiliwa. Mama mkwe ndiye anayezionyesha kwa wageni, anawaambia hizo ni fotoni zinatoka.

Nimekaa na Antena kwenye benchi la korido. Nikamwuliza kwa nini juzi hakunisema. Akasema binti alikuwa anahitaji baba pale, si mwongo, akaona anipe nafasi nichague. Vumbi likaniingia jichoni, korido ile haifagiliwi. Nimemwambia awashe mtambo wake. Nimemwambia mlingoti ni mzuri, hasa ile rangi. Nimemwachia amshike mjukuu kwanza leo. Dakika mbili.

Nimeapa mbele yake. Kuanzia sasa neno nisilolijua sitaliandika ukutani. Mabango yote nimeyachana. Ubao wangu nimeuwekea holda mpya. Mimi ni mtu mwingine kabisa.


Alhamisi, 13 Juni

Wameruhusiwa! Mjukuu yuko nyumbani. Alifumbua macho chumbani, akatazama juu moja kwa moja kwenye taa yangu. Nina mashahidi.

Muuguzi alituaga kwa maonyo. Kesho mtoto arudi kliniki kupimwa tena kuhakikisha manjano haijapanda. Na akasema, akinitazama mimi, kwamba taa ya hospitali imepimwa nguvu yake, bulbu ya kawaida hata ipakwe bluu haitibu kitu, mtu asije akajaribu nyumbani. Nimemwuliza kwa nini ananitazama mimi. Akaendelea kunitazama.


Ijumaa, 14 Juni

Leo nimekaa dukani natazama mabaki ya Kinga. Mifuko kumi na tisa. Foili nzuri kabisa, mishono ya mke wangu, inakaa tu. Inasikitisha.

Ndipo mama mkwe akanifungua akili. Akaniuliza kama fotoni zinafaa magoti. Nikamwambia sijui. Nilisema kweli kabisa, sawasawa na kiapo! Akasema yeye anahisi zinafaa.

Sasa fikiria. Foili inazuia mionzi isiingie, hilo nimelishuhudia kwa gharama kubwa. Basi haiwezi pia kuizuia isitoke? Unafungua mdomo wa mfuko chini ya bulbu zangu sita, mchana kutwa. Fotoni zinaingia. Unakaza kamba. Unakwenda nazo nyumbani, unafungua gotini. Nimeshangaa jinsi ilivyo rahisi! Nimeshangaa shemeji na masomo yake yote hajaiwaza!

Na sijavunja kiapo. Nimeapa kuhusu neno nisilolijua. Fotoni nalijua, nimelitia kichwani mwenyewe, upara mzima.

Bango: FOTONI HALISI. JAZA HAPA. ZA MAGOTI, MGONGO NA HASIRA ZA NYUMBANI. Vichanga sikuwaandika, nimejifunza. Mama mkwe amejaza mifuko miwili. Seremala amesimama, amesoma, ameondoka bila neno, nadhani amekwenda kuchukua mfuko wake.

Betri ya simu yangu ni mbovu siku hizi. Nimeitia kwenye mfuko mmoja, nikaujaza, nikaukaza barabara, ichote nguvu kidogo. Binti ametoka na mtoto saa tatu kwenda kliniki. Alisimama mlangoni, akaniambia, baba, majibu yakitoka tu nakupigia wewe wa kwanza. Wa kwanza! Kabla ya mama yake, kabla ya Antena!

Saa tisa sasa. Nautazama mfuko wenye simu, haijalia. Wengine wote mtaani simu zao zinalia, yangu tu kimya. Nimechungulia ng'ambo, mlingoti wa Antena umewaka taa zote.

Ndio huo. Unaingiliana na simu za watu! Kesho naandika bango.